Uchaguzi wa Rangi katika Picha ya Mandhari: Nyeusi na Nyeupe, au Sepia?

Katika makala haya tunakusudia kuzungumzia jambo ambalo huenda likaonekana dogo kwa mwalimu aliyezoea kuhesabu vipindi na madaftari: namna ya kuamua iwapo picha ya mandhari iliyopigwa kwa rangi iachwe na rangi zake, igeuzwe kuwa nyeusi na nyeupe, au itiwe ile rangi ya kahawia iitwayo sepia. Zamani uamuzi huu ulikuwa wa fundi aliyejifungia katika chumba cha giza. Siku hizi umo mikononi mwa kila mwanachuo mwenye simu, naye huutekeleza kwa kidole kimoja, mara nyingi bila kujiuliza lolote. Nasi wakufunzi tumekuwa tukimtazama tu. Kosa tutakalolisimulia hapa lilikuwa letu kabla ya kuwa la mwanachuo.

Mmoja wa wanachuo wetu, akijiandaa kwa mazoezi ya kufundisha, aliupiga picha Mlima Kilimanjaro kutoka upande wa Moshi. Ilikuwa asubuhi, kilele kikiwa wazi, na mawingu meupe yamejipanga chini yake. Alirudi chuoni, akaipitisha picha katika programu ya simu yake, akabonyeza kitufe cha sepia, akaichapisha kwa ukubwa wa karatasi mbili zilizounganishwa, kisha akatuletea. Tulimpa alama 18 kati ya 20. Tuliandika pembeni kwamba picha ina mvuto, na ina heshima ya mambo ya kale.

Wiki mbili baadaye tulikuwa tumeketi nyuma ya darasa la sita katika shule moja ya msingi, tukimkagua mwanachuo huyo akifundisha habari za milima na barafu. Aliibandika picha ubaoni bila maelezo, kama tulivyomfundisha, akawauliza wanafunzi wanaona nini. Msichana mmoja alisimama akasema: "Mwalimu, hii ni picha ya wakati wa Wajerumani. Zamani barafu ilikuwa nyingi, imeshuka mpaka kwenye msitu." Darasa zima likaafiki. Mwanachuo alitugeukia sisi, nasi hatukuwa na la kumsaidia. Picha ile ilikuwa na umri wa wiki 3, na kile ambacho mtoto alikiita barafu kilikuwa wingu.

Ni rahisi kucheka, lakini mtoto yule alikuwa ameisoma picha barabara. Ukahawia ulimwambia kwamba picha ni ya kale. Weupe usio na mipaka ulimwambia kwamba ni barafu tupu. Kauli zote mbili zilitiwa ndani ya picha na watu wazima. Na lililotusumbua zaidi ni kwamba jibu lake liliangukia karibu na ukweli. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni mwaka 1889 walikuta barafu nyingi kuliko iliyopo leo, na kati ya mwaka 1912 na 2007 eneo lililofunikwa na barafu lilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Kwa hiyo mtoto angetoka darasani na hitimisho sahihi lililosimama juu ya ushahidi wa uongo. Kila mwalimu wa jiografia anajua jinsi ilivyo vigumu kumtoa mwanafunzi katika hali hiyo, maana hata mtihani haumkosoi.

Tangu siku hiyo tumelazimika kujifunza upya mambo ambayo tulidhani tunayajua, na hapa tunawagawia wenzetu tuliyoyapata.

Kijivu hakiji chenyewe

Watu wengi hudhani kwamba kuigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe ni kuondoa rangi tu, kama mtu anavyofua nguo mpaka ikachuja. Sivyo. Picha ya kompyuta au ya simu imefanyizwa kwa nukta ndogo mno, na kila nukta hubeba tarakimu tatu, moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya buluu, kila moja ikiwa kati ya 0 na 255. Ili kupata kijivu, programu haina budi kuzichanganya tarakimu hizo tatu ziwe moja. Swali ni kwamba zichanganywe kwa vipimo gani.

Kanuni mojawapo inayotumika sana huchukua sehemu 299 katika 1,000 za nyekundu, sehemu 587 za kijani, na sehemu 114 tu za buluu. Vipimo hivi vimefuata jicho la mwanadamu, ambalo huona mwanga wa kijani kuwa mkali zaidi kuliko ule wa buluu. Ni kanuni ya busara, na kwa picha nyingi haina madhara. Lakini hebu tuipeleke Kondoa.

Wasomaji wengi wanaifahamu habari ya milima ya Irangi wilayani Kondoa, ambako mmomonyoko ulichimba makorongo makubwa katika udongo mwekundu. Ambako mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulianza kazi mwaka 1973. Na ambako mwaka 1979 mifugo iliondolewa ili ardhi ipumzike. Ni mahali ambapo mwalimu wa jiografia angependa kuwa na picha yake. Sasa tuchukue nukta moja ya udongo mwekundu wenye nyekundu 170, kijani 85 na buluu 50, na nukta nyingine ya nyasi zilizo kando ya korongo, zenye nyekundu 90, kijani 125 na buluu 50. Kwa jicho, rangi hizi mbili hazifanani hata kidogo. Ukizipitisha katika kanuni tuliyoitaja, udongo hutoka 106, na nyasi hutoka 106. Tunamwomba msomaji achukue kalamu ahakikishe mwenyewe, au awape kazi hiyo wanafunzi wake katika somo la hisabati. Ukingo wa korongo uliokuwa dhahiri umetoweka, na mmomonyoko umefutwa kwa hesabu.

Mwanachuo mwenye picha kama hiyo huja akilalamika kwamba picha "imekufa". Hufikiri kosa ni la kamera. Dawa yake ni kutobonyeza kitufe cha mkato, bali kuifungua ile sehemu ya programu inayomruhusu kuamua mwenyewe kiasi cha kila rangi. Akiuchukua mkondo wa nyekundu peke yake, udongo unakuwa 170 na nyasi 90: korongo linang'aa katikati ya nyasi nyeusi kama kovu jipya. Akiuchukua mkondo wa kijani peke yake, udongo unakuwa 85 na nyasi 125: korongo linakuwa jeusi na nyasi zinakuwa nyepesi. Picha zote mbili ni za haki. Hata hivyo haziwaelezi watazamaji jambo lile lile, kwa kuwa ya kwanza huvuta jicho kwenye jeraha, na ya pili huvuta jicho kwenye nyasi zinazolizunguka. Sisi, kwa somo la mmomonyoko, huchagua ya kwanza.

Wapiga picha wa filamu waliyajua haya kabla ya kompyuta. Walitumia vioo vya rangi mbele ya lenzi, tunavyoviita machujio. Mwaka 1927 Mmarekani Ansel Adams, akiwa Yosemite huko California, alilipiga picha jabali la Half Dome kwanza kwa chujio cha manjano, kisha, akiona kwamba mbingu ingetoka nyepesi mno kuliko alivyoihisi moyoni, akaweka chujio chekundu. Mbingu ya buluu ikatoka karibu nyeusi, na jabali likasimama mbele yake kwa kutisha. Mkondo wa nyekundu katika programu ya leo hufanya kazi ya chujio lile.

Kuna na suala la utusitusi. Mtu akisimama Irente, karibu na Lushoto, akatazama chini kwenye tambarare, mara nyingi huikuta imefunikwa na utando hafifu unaoelekea kuwa wa buluu. Mkondo wa nyekundu huupunguza utando huo, na vijiji na mashamba ya chini huonekana zaidi. Mkondo wa buluu huuzidisha, na matuta ya mbali huonekana kama pazia moja nyuma ya jingine. Anayetaka kufundisha matumizi ya ardhi achague wa kwanza. Anayetaka kufundisha umbali katika somo la uchoraji achague wa pili.

Wakati gani basi picha iwe nyeusi na nyeupe? Kwa maoni yetu, ni pale ambapo somo ni umbo: miinuko, mabonde, mikondo ya maji, matuta ya mchanga, mipasuko ya miamba. Na hapo tuongeze sharti ambalo wanachuo hulisahau: pawe na vivuli. Picha iliyopigwa saa sita mchana, jua likiwa utosini, haina vivuli vya kuchonga umbo, na ikinyang'anywa rangi zake haibakiwi na kitu isipokuwa rangi ya majivu. Picha ya saa moja asubuhi au ya saa kumi na moja jioni, jua likiwa limeinama, huweza kupoteza rangi zote na bado ikasema yote. Tumewahi kuwaona wanachuo wakihangaika kwa saa nzima mbele ya kompyuta kuitafutia uhai picha ambayo ingeponywa kwa kuamka mapema.

Na wakati gani rangi ziachwe? Pale ambapo rangi ndiyo somo. Anayefundisha kanda za mimea za Kilimanjaro, kuanzia migomba na kahawa, kupitia msitu, hadi vichaka na jangwa la mawe la juu, akiondoa rangi ameondoa somo. Vivyo hivyo anayetaka kuonyesha uoto uliorudi Kondoa.

Kahawia ilitoka wapi

Neno sepia asili yake ni la Kiyunani, nalo ni jina la mnyama wa baharini ambaye watu wa pwani humwita dome, ndugu wa ngisi na pweza. Wino wake wa kahawia ulitumiwa na wachoraji wa Ulaya, na jina likahamia kwenye picha za kamera ingawa ndani yake hamna wino wa dome hata tone.

Wanafunzi, na walimu pia, hudhani kwamba picha za kale ni za kahawia kwa sababu zimezeeka. Kuzeeka kumo, lakini jambo hilo si lote. Picha nyingi za karne ya 19 zilikuwa na rangi ya kahawia, au ya zambarau inayoelekea kahawia, tangu siku ya kwanza. Mwaka 1850 Mfaransa Louis Désiré Blanquart-Evrard alitangaza njia ya kupaka karatasi kwa ute mweupe wa yai na chumvi, kisha kuitia dawa ya fedha. Karatasi hiyo ilitawala kwa miaka mingi, na rangi yake ya asili ilikuwa ya joto. Kadiri miaka ilivyopita, ute ule uligeuka manjano, na ukahawia ukazidi.

Sepia halisi ilikuja kuwa kazi ya makusudi. Picha nyeusi na nyeupe iliyokwisha kusafishwa ilitiwa katika dawa ya kwanza, ikafifia karibu kutoweka, kisha ikatiwa katika dawa ya pili yenye salfa, nayo ikarudi ikiwa ya kahawia. Waliofanya kazi hiyo hawaisahau harufu yake, ambayo ni ya yai viza. Kilichotokea ni kwamba fedha iliyokuwa ikifanyiza weusi wa picha iligeuka kuwa mchanganyiko wa fedha na salfa, ambao hauharibiki upesi kwa hewa chafu kama fedha tupu inavyoharibika. Kwa hiyo fundi aliyetia sepia hakuwa akiizeesha picha. Alikuwa akiikinga isizeeke! Tumewaeleza wanachuo jambo hili mara nyingi, na kila mara tunaona nyuso zao zikibadilika, kwa kuwa kitufe cha simu kimewazoesha kinyume chake.

Picha za kale zilikuwa na ila nyingine inayolihusu somo letu. Dawa za mwanzo ziliuona mwanga wa buluu tu na wa jamii yake, hazikuuona mwekundu. Mbingu ya buluu iliziunguza, ikatoka nyeupe tupu. Ndiyo sababu katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray, alipotaka bahari na mawingu katika picha moja, alikuwa akipiga mara mbili, bahari peke yake na mbingu peke yake, kisha akaziunganisha. Basi mwanafunzi anayeitazama picha ya kweli ya mlima wenye barafu kutoka enzi hizo hana budi kujihadhari pia, maana weupe wa barafu na weupe wa mbingu huweza kuingiliana.

Hesabu ya kitufe cha sepia

Tulirudi kwenye picha ya mwanachuo wetu tukitaka kujua wingu liligeukaje barafu. Katika picha ya asili mpaka wao ulionekana. Barafu ilikuwa nyeupe sana, na wingu lilikuwa na kijivu hafifu ndani yake. Tuliijaribu juu yake kanuni moja ya sepia inayotumika sana katika programu za picha. Kanuni hiyo hupata nyekundu mpya kwa kuchukua 0.393 ya nyekundu, 0.769 ya kijani na 0.189 ya buluu. Jumla yake ni 1.351. Kijani kipya hupatikana kwa vipimo ambavyo jumla yake ni 1.203, na buluu mpya kwa vipimo ambavyo jumla yake ni 0.937.

Mwalimu wa hisabati ataona hatari mara moja. Jumla inayopita 1 maana yake ni kuzidisha mwanga, na tarakimu haiwezi kupita 255; inayozidi hukatwa. Tuchukue wingu lenye 225 katika mikondo yote mitatu, na barafu yenye 245. Nyekundu ya wingu inataka kuwa 304, inakatwa kuwa 255. Ya barafu inataka kuwa 331, nayo inakatwa kuwa 255. Kijani vilevile, 255 na 255. Tofauti inabaki katika buluu peke yake, 211 kwa 230, na buluu, kama tulivyokwisha kusema, ndiyo ambayo jicho huijali kidogo kuliko zote. Hatua 20 zilizotenganisha wingu na barafu zimebaki, kwa kipimo cha jicho, kama hatua 2. Msichana wa darasa la sita aliona weupe mmoja kwa sababu ulikuwapo weupe mmoja.

Dawa si ngumu. Picha igeuzwe kwanza kuwa nyeusi na nyeupe, na kijivu chake kitengenezwe mpaka kiridhishe. Sehemu zenye mwanga mwingi zipunguzwe kidogo. Kisha ndipo ukahawia utiwe, tena kwa mkono mwepesi. Mafundi wa chumba cha giza walifuata utaratibu huo huo, wakaisafisha picha iwe nyeusi zaidi kidogo kuliko walivyotaka, kwa kuwa walijua kwamba dawa ya sepia ingeifanya ififie. Sepia haijapata kuiokoa picha yenye kijivu kibaya. Huificha kwa muda tu.

Sepia ina mahali pake

Tusifahamike kwamba tunaipiga marufuku. Tunayo picha ya magofu ya Kilwa Kisiwani, mahali ambapo UNESCO iliandikisha katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, na picha hiyo tumeitia sepia hafifu. Jiwe la matumbawe na chokaa ya kuta za Msikiti Mkuu vinapokea ukahawia kana kwamba ni wao. Lakini katika nakala ya kwanza nyuma ya ukuta ilionekana bahari, na bahari ya kahawia ni tope. Ilitubidi tuikate sehemu ile. Kwa jumla tumeona kwamba mawe, mchanga, nyasi kavu, barabara za vumbi na miti mikuu iliyopukutika huafikiana na sepia. Maji, ukungu wa asubuhi, na mvua inayokuja huikataa, na hupendeza zaidi kwa kijivu baridi.

Hayo ni ya macho tu. Ya ukweli ni mazito zaidi. Mtu anaweza kuchukua picha ya korongo la leo akaitia sepia, akaibandika kando ya picha ya shamba la kijani iliyoachwa na rangi zake, naye asiandike neno hata moja. Watazamaji wote wataondoka wakijua kwamba makorongo ni habari ya zamani na kijani ni habari ya sasa. Hajasema uongo, rangi zimesema kwa niaba yake. Tumeyaona mabango ya namna hii, tena yakiwa yametengenezwa na watu wenye nia njema kabisa, na mojawapo lilining'inia katika ukumbi wetu wenyewe kwa muhula mzima.

Kuhusu matumizi ya kila siku, mwalimu akumbuke safari ambayo picha yake itaisafiri. Katika shule nyingi itapitia mashine ya fotokopi kabla ya kumfikia mtoto. Fotokopi ya nyeusi haijui kahawia. Huigeuza kuwa kijivu kizito, na vivuli vyote huganda pamoja. Kwa karatasi za mazoezi tunashauri nyeusi na nyeupe yenye tofauti kubwa baina ya mwanga na kivuli, na kabla ya kurudufu nakala 70 itolewe moja ya majaribio.

Somo lenyewe

Somo tulilolitunga baada ya tukio lile huchukua vipindi viwili vya dakika 40, nalo halihitaji kompyuta darasani. Kipindi cha kwanza hufanyika nje. Kila kikundi hupewa kipande cha karatasi ya nailoni nyekundu inayopitisha mwanga, ile ya kufungia zawadi, na kuambiwa kitazame kupitia kwayo mlima, shamba au hata uwanja wa shule wenye udongo mwekundu na nyasi. Udongo hung'aa, nyasi hugiza. Kisha wanatazama bila karatasi, wamekunja macho mpaka yakaribie kufumba, na kuandika ni kitu gani kimebaki cheupe na kipi kimekuwa cheusi. Baadaye huchora mandhari hiyo hiyo kwa mkaa mara mbili, mara ya kwanza kama walivyoiona kwa macho matupu, mara ya pili kama walivyoiona kwa nailoni. Hapo hatuelezi kitu. Michoro ikibandikwa ukutani, ubishi huanza wenyewe.

Kipindi cha pili huletwa picha nne za mahali pamoja, zilizotokana na picha moja ya rangi: ya rangi yenyewe, mbili za kijivu zenye mikondo tofauti, na ya sepia. Swali ni moja: ipi ilipigwa kwanza? Mwalimu asilijibu kwa angalau dakika 10. Katika madarasa tuliyolijaribu, wengi walichagua ya sepia, wachache walichagua nyeusi na nyeupe, na daima alikuwapo mtoto mmoja aliyeona kwamba ng'ombe amesimama pale pale katika zote nne. Mtoto huyo apewe nafasi ya mwisho kusema.

Tunamalizia kwa chai ya rangi. Fotokopi ya picha huloweshwa katika sufuria ya chai nzito iliyopoa, ikaanikwa juani. Wanafunzi wanaona kwamba karatasi yote imekuwa kahawia, hata mahali palipokuwa peupe, ilhali katika sepia ya kweli ni vivuli vilivyogeuka na weupe wa karatasi ukabaki. Kwa tofauti hiyo wanaanza kuzitazama picha za kale za nyumbani kwao kwa jicho jingine, na wengine huzileta shuleni, jambo ambalo mwalimu aliwekee utaratibu mapema, maana picha za marehemu hazichezewi.

Tulirudi pia katika lile darasa la sita. Mwanachuo aliipeleka picha ya asili ya Kilimanjaro, yenye rangi, akawaonyesha wingu liko wapi na barafu iko wapi, akakiri mbele yao kwamba ukahawia aliutia yeye. Tulihofu kwamba angepoteza heshima yake. Wanafunzi walimsikiliza kwa utulivu kuliko walivyowahi kumsikiliza. Kisha yule msichana akauliza: "Basi ya wakati wa Wajerumani iko wapi?" Hatukuwa nayo. Ni swali ambalo mwanachuo alipaswa kuanza nalo, kwa kuwa mabadiliko ya barafu hayafundishwi kwa picha moja. Zinahitajika mbili, zilizopigwa kutoka upande mmoja, zenye mwaka na mwezi, kwani theluji mpya baada ya mvua huweza kukifunika kilele kwa muda na kumdanganya mtu tena.

Kwa hiyo chuoni tumebadili namna ya kusahihisha. Katika alama 20 za picha ya kufundishia, 6 sasa ni za maandishi yaliyo chini yake: mahali, mwezi, mwaka, upande aliosimama mpiga picha, na kama rangi imegeuzwa, imegeuzwa vipi. Alama 2 ni za kuonyesha nakala ya asili ambayo haijaguswa, maana tumekuta wanachuo waliohifadhi sepia juu ya picha ya rangi, wakaipoteza ile ya kwanza moja kwa moja. Picha ya Kilimanjaro imesahihishwa upya kwa kipimo hicho, kwa idhini ya mwenyewe. Imepata 11.